Mtani Hakasirikiwi

Shida zangu zilianza mwaka 1974, nikiwa na miaka kumi na miwili. Tulihamishwa kutoka kwenye minazi ya babu tukaletwa kijijini, kando ya barabara, na baba akasema anakwenda Dar es Salaam kutafuta mabati ya nyumba mpya. Mabati hayakuja na yeye hakuja. Mama akanitoa shule, nipo darasa la tatu, nikaanza kubeba chumvi ya watu kichwani. Kusoma najua, polepole. Kuandika pia polepole. Haya nimeyaandika kwa mkono wangu, na asiyeyapenda akasome ya mwingine.

Jaruba la kwanza la chumvi nilipewa na mzee mmoja aliyechoka. Lilijaa tope na mikoko ilishaanza kuota katikati. Akaniambia, "Chukua. Likikushinda usinirudishie." Halikunishinda. Nililisafisha mwenyewe, nikajenga kingo zake kwa udongo wa mfinyanzi, nikajifunza kuingiza maji ya bamvua, bahari ikijaa kabisa, na kuyafungia ndani mpaka jua limalize kazi. Baadaye yakawa mawili, yakafika sita. Nyumba ya matofali nimejenga mimi. Nilipoolewa nilikuwa tayari na majaruba mawili, na mume wangu, fundi seremala, alikuja na randa na msumeno. Hilo analijua, na wala halimuudhi. Ni mtu wa kucheka.

Kijiji chetu kipo upande wa Mchinga ukitoka Lindi. Tulikuwa na kitu tunakiita gunia la zahanati. Kila mwenye jaruba, mavuno ya kwanza ya kiangazi, alitoa gunia moja akaliweka nyuma ya zahanati chini ya turubai. Hapakuwa na mwandishi. Kila mtu alijua fundo la mwenzake. Mimi nafunga gunia langu kwa ukindu uliosukwa, jirani yangu kwa kamba ya nyavu, mwingine kwa mpira wa baiskeli. Ambaye hakuweka alionekana, na mke wake akaulizwa kisimani. Msimu ukiisha tuliwauzia wachuuzi wa bara, na kilichopatikana kikanunua bandeji, spiriti, vipimo vya sukari na vidonge, vya kutumia pale dawa za serikali zinapochelewa. Aliyefika zahanati alihudumiwa, awe na jaruba au asiwe nalo. Hatukuwahi kuiita bima. Hatukuwa na jina jingine zaidi ya gunia.

Mume wangu ana sukari. Siku moja alikanyaga kombe la chaza kule kwenye majaruba na hakusikia. Ndivyo sukari inavyofanya, inaua miguu kwanza. Nilikuja kuona damu kwenye sakafu, yeye anakunywa chai. Tangu siku hiyo nesi wa zahanati akawa anamfunga kidonda kila asubuhi. Nesi mwenyewe ni mtu wa kule juu Newala, Mmakonde, Mkristo, ana maneno machache na mikono mizuri. Alikuwa anamwambia mume wangu, "Babu, usije ukaacha hata siku moja. Ukiacha, mguu huu hautakusubiri." Kidonda kikaanza kupungua. Kilikuwa kama jicho, kikawa kama tundu la kifungo.

Wakati huo redio ilikuwa inazungumza bima ya afya kwa wote. Nilikuwa nasikiliza ghalani wakati nashona magunia. Mmoja anaeleza, mwingine anamzomea. Huyu anaitwa msaliti, yule anaambiwa ametumwa na mabwana zake. Wanagonga meza. Nikawa nasubiri waseme mtu mwenye sukari atafanywaje. Wakagonga meza tena. Nikazima, betri zisiishe.

Halafu kampuni ikaja. Kampuni ya chumvi, ya watu wa mjini, yenye ghala pale njia panda na pakiti za chumvi zenye picha ya mama anayecheka. Wakasema wanataka kutuletea bima yao wenyewe. Kila nyumba itakayowauzia chumvi yake yote itapewa kadi, na watajenga kliniki. Chumvi yote. Hata gunia moja lisitoke kwenda kwa mtu mwingine. Hilo la gunia moja walilisema kwa sauti ya chini, mwishoni, kama mtu anayekumbuka kufunga mlango.

Hapa lazima nieleze habari ya diwani wetu, maana bila hivyo hamtaelewa. Diwani ni mtoto wa shangazi yangu. Kwetu mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba ni watani. Tangu wadogo tunatukanana. Nikifiwa, anakuja kuniambia marehemu amefurahi kuniepuka. Alipooa, nilimwambia bibi harusi akimbie akiwa bado ana nguvu. Mtani hakasirikiwi. Ukikasirika umeshindwa, na watu watakucheka mara mbili. Na utani una kazi yake. Msibani, mtani ndiye anayemfanya mfiwa ale. Sikuwahi kuuona ubaya wake mpaka siku ya mkutano.

Mkutano ulifanyika uwanja wa shule. Kampuni ilileta viti, turubai na spika. Wanawake tulipewa kanga zenye picha ya ile pakiti, wanaume kofia. Harufu ya pilau ilikuwa inatoka nyuma ya madarasa tangu asubuhi, na mtu mwenye njaa haulizi mengi. Binti wa kampuni, msomi, ana adabu kweli, alipita mstari mzima akitupa shikamoo mmoja mmoja. Tukaitikia marahaba. Kisha akasimama akaeleza. Maneno yake yalikuwa laini, na mimi sikushika hata moja.

Nesi ndiye aliyeinuka wa kwanza.

"Mimi naomba kujua," alisema, "lile gunia la zahanati likiondoka, wagonjwa wangu wa vidonda watafungwa na nini?"

Binti akamtazama diwani. Diwani akachukua spika.

"Nesi, karibu. Hebu tuambie kwanza, mshahara unalipwa na serikali au unalipwa na gunia?"

Watu wakacheka.

"Maana naona unalililia kuliko wenyewe tuliolishona! Nyie Wamakonde tunawajua kwa kuchonga vinyago. Leo umeona vinyago havina soko, umekuja kutuchonganisha sisi!"

Watu wakacheka zaidi. Kijana mmoja nyuma akapiga kelele, "Arudi Newala!" Mwingine akauliza ni wa chama gani huyo. Nesi akakaa. Yeye hakuwa mtani wa mtu pale. Sisi tulicheka kama tunavyocheka siku zote, na yeye akatukanwa kama mtu anavyotukanwa. Vilikuwa vitu viwili, na uwanja mzima tuliona kimoja.

Nikainuka mimi. Sikupewa spika, lakini sauti ninayo.

"Nina swali moja tu. Hiyo kadi inatibu sukari na kidonda chake, au haitibu?"

Binti akafungua mdomo. Mpaka leo nadhani alitaka kujibu. Diwani akamwahi.

"Jamani, mnamwona binamu yangu! Chumvi imemjaa mpaka masikioni, leo anaulizia sukari!"

Uwanja ukapasuka.

"Binamu, nani kakudanganya kwamba mumeo ana sukari? Mumeo kawa samaki ng'onda! Umemkoleza mwenyewe miaka yote hiyo, ukamwanika juani, sasa unataka kampuni imloweke!"

Watu wanashikana mabega. Wanawake wanapiga vigelegele. "Mjibu, bibi, mjibu! Usimwachie!"

Nikamjibu. Mtani akikutukana hadharani ukanyamaza, maana yake umekasirika.

"Bora wangu mkavu kuliko wewe uliyelowa! Hilo tumbo umetiwa na kampuni lini? Na siku ikifika utajifungulia wapi, zahanati kwetu au kwenye kadi?"

Basi. Kuna mzee alidondoka kwenye kiti. Nilishangiliwa kuliko diwani, na diwani mwenyewe alinipigia makofi. Binti wa kampuni alikuwa anacheka na kitambaa mdomoni. Nikakaa. Mtandio wangu ulikuwa umelegea, nikaufunga upya. Wakati naufunga mwenyekiti wa kijiji akasema, "Haya, wanaokubali wanyooshe mikono."

Nilipoinua uso mikono ilikuwa juu kama matete. Na mkono wa mume wangu ulikuwa juu. Amekaa kwenye kiti cha kampuni, mguu wenye bandeji ameunyoosha mbele, anafuta machozi ya kicheko kwa mkono wa kushoto, wa kulia upo juu.

Nyumbani nilimuuliza.

"Ulinyoosha kwa nini?"

"Nimeona wote wamenyoosha."

"Swali langu lilijibiwa?"

Akafikiri. "Swali gani, bi mkubwa?"

Nilimvua kiatu nikampa chakula.

Magunia yaliyokuwa chini ya turubai yalibebwa na gari la kampuni wiki ileile. Fundo langu la ukindu nililiona likikatwa kwa kisu. Watu walikuwa wanayahadithia majibu yangu kisimani, wengine wanayaongezea. Nikipita njiani vijana wananisalimia, "Shikamoo bibi! Utajifungulia wapi?" Naitikia marahaba. Mkutano ule unasifiwa mpaka leo kwamba ulikuwa mzuri. Hakuna aliyepigana.

Bandeji za zahanati zikaisha. Nesi akawa anachana shuka zake anazichemsha. Haikuchukua muda akahamishwa. Wengine wakasema ameomba, wengine wakasema ameombewa. Alikuja kuaga. Alisimama mlangoni na begi, akamwangalia mume wangu mguu, akaniambia, "Bibi, maji ya moto yenye chumvi, asubuhi na jioni. Na usafi." Nikamwambia chumvi ninayo. Akaondoka. Wa kuchukua nafasi yake alikuja baadaye sana, na alikuta kabati tupu.

Kliniki ya kampuni ilikuwa kontena lililopakwa rangi nyeupe, pembeni ya ghala. Haikufunguliwa kila siku. Nilimpeleka mume wangu kwa mkokoteni wangu wa chumvi, nimetandika godoro. Dirishani alikuwepo kijana, msafi, ana adabu kama yule binti.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Nimeleta mgonjwa. Kidonda."

Akaichukua kadi akaiweka kwenye mashine yake. "Kidonda cha ajali?"

"Alikanyaga kombe."

"Ana ugonjwa mwingine?"

"Sukari."

Akairudisha kadi, taratibu, kwa mikono miwili. "Bibi, samahani sana. Sukari ni ugonjwa wa kudumu. Kifurushi chenu hakina magonjwa ya kudumu. Kina homa, kuhara, uzazi, na ajali. Hiki kidonda kinahesabiwa cha sukari."

"Kombe halina sukari."

"Naelewa, bibi."

"Huelewi. Umeambiwa useme hivyo."

Akatazama chini. Alikuwa mtoto wa mtu tu. Nikageuza mkokoteni. Mume wangu, pale juu ya godoro, akasema, "Hata kiti hawajatuwekea, wabahili hawa," na akacheka kidogo. Barabara ilikuwa na jua. Nakumbuka niliwaza kwamba gurudumu la kushoto linataka grisi.

Tukawa tunakwenda Lindi. Gari la asubuhi, kurudi jioni, au tunalala kwa ndugu. Dawa za kununua, vipimo vya kununua, nauli. Nikauza jaruba moja, kisha la pili. Mnunuzi alikuwa kampuni, maana hakuna mwingine aliyekuwa anaruhusiwa kuingia. Kule Lindi madaktari walifanya kazi yao. Walisema tungekuwa tumefunga kidonda kila siku tangu mwanzo, wangeuokoa mguu. Nikawaambia tulikuwa tunafunga kila siku tangu mwanzo. Katikati ndipo palipokatika. Wakaukata chini ya goti. Watu huniuliza nilijisikiaje. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi nakula karanga. Zilikuwa zimeungua kidogo. Nilizimaliza.

Tuliporudi, diwani akaja kumtazama mgonjwa. Alileta sukari na majani ya chai, sukari kweli, sijui hakufikiri au alifikiri. Akasimama mlangoni, akaangalia pale mguu ulipokuwa, na uso wake ukabadilika. Nilimwona. Akaurudisha.

"Shemeji!" akasema. "Sasa viatu utakuwa unanunua kimoja. Binamu yangu mchoyo huyu, kakutafutia njia ya kubana matumizi!"

Mume wangu akacheka. Alicheka kwa moyo, mpaka mto ukaanguka. Mimi nikauokota ule mto, nikamwekea. Kisha nikamgeukia diwani.

"Kuanzia leo utani umekwisha."

Akatabasamu, anasubiri nimalizie. Alidhani ndio mwanzo wa jibu.

"Umekasirika, binamu?"

"Sijakasirika. Nakwambia tu. Usiniite binamu. Ukija hapa piga hodi, toa salamu kama mgeni, uulize habari za mgonjwa, ukae."

"Sasa nikuite nani?"

"Niite mama. Au usiniite."

Mume wangu akasema, "Ah, bi mkubwa, mtani huyo." Diwani akakaa kwenye mkeka. Bila utani hakuwa na pa kuweka mikono. Akaishika kofia yake, akaizungusha.

Nikamuuliza, "Ulijua kwamba kadi haitibu sukari?"

Kuku aliingia akatoka.

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Waliniambia kabla ya mkutano. Walisema, mheshimiwa, kueleza tutaeleza sisi, wewe uchangamshe watu. Maswali ya magonjwa usiyaache yakakaa." Akaizungusha kofia tena. "Basi nikachangamsha. Nikaona ni jambo dogo. Hata wewe ulichangamka."

"Nilichangamka," nikasema. "Kunywa chai uende."

Akanywa. Akaenda.

Wazee wa ukoo waliniita. Wakasema utani haufutwi, umo kwenye damu, tangu lini mtoto wa mjomba akaweka mpaka na mtoto wa shangazi? Nikawaambia damu ibaki, maneno yatoke. Mmoja akasema nina kiburi kwa sababu ya majaruba. Nikamwambia ndiyo. Wakanisihi, wakachoka, wakaondoka.

Kisha akafa mdogo wangu wa mwisho, kwa homa, na diwani akaja msibani. Watu walijipanga kusikiliza. Alifika mbele yangu, akachuchumaa, mdomo ukafunguka na ukafungika. Akasema, "Pole, mama." Nikasema, "Nimeshapoa." Uwanja mzima hakuna aliyejua atazame wapi. Chakula changu kilipoa, wakakitoa.

Mwaka uliopita kampuni ilitaka kuongeza vijiji vingine vya chumvi, mpaka huko ndani ndani. Wakaitisha mkutano kwetu, na wenyeviti wa vijiji hivyo wakaalikwa waje waone jinsi tulivyonufaika. Viti, turubai, spika, pilau. Binti alikuwa mwingine, adabu ileile. Alipomaliza nikainuka, nikauliza nilichouliza mara ya kwanza, kwa maneno yaleyale. Watu wakaanza kucheka kabla, kwa mazoea. Wakamgeukia diwani. Wengine wakapiga kelele, "Mheshimiwa, mpe vyake!"

Diwani akashika spika. Alinitazama. Nami nilimtazama kama mtu anayesubiri gari.

"Haitibu," akasema. "Mama, haitibu. Haitibu sukari, haitibu presha, haitibu figo."

Kicheko kikakata. Ukaanza kusikia upepo kwenye turubai. Binti akamshika diwani mkono, akamnong'oneza kitu, na diwani akamkabidhi spika akaenda kukaa nyuma, kwenye viti vya watu. Wale wenyeviti wageni wakaangaliana. Mmoja akauliza, "Kwa hiyo wenzetu hamkujua hili?" Walikula pilau, wakapanda gari lao, na nasikia kwao hawakunyoosha mikono. Sisi tulishanyoosha, mkataba bado una miaka yake. Diwani hakupitishwa tena na chama chake. Sasa analima ufuta. Tukikutana njiani anasema shikamoo mama, nasema marahaba, tunapishana.

Mume wangu ananilaumu mpaka leo. Anasema nyumba imekuwa kimya, hakuna mtu wa kuja kumchekesha. Ni kweli, imekuwa kimya.

Nilivyonavyo leo ni hivi. Majaruba manne. Nyumba ya matofali, vyumba vitatu, bati, sementi. Ghala moja, mlango wake amepachika mume wangu alipokuwa bado anasimama kufanya kazi. Mkokoteni mmoja, gurudumu la kushoto jipya. Koleo mbili, reki tatu. Minazi saba, mmoja hauzai. Kitanda cha mpingo. Redio, haina betri. Kiti cha magurudumu, cha kununua, si cha msaada. Kanga za kutosha. Mbuzi wanne na beberu. Mume ninaye. Kuku siwahesabu.